Pumzi ya Injini, Kutoka Safari Rally Hadi Nyangwe

Mkoani Maniema, mashariki ya Kongo, kutoka Kabambare kwenda Kasongo, na kutoka Kasongo kuelekea kaskazini-magharibi hadi Nyangwe kwenye ukingo wa mto Lualaba, gari hutumia saa nyingi katika gia ya kwanza na ya pili. Njia yenyewe ni ya kale. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Ujiji ilipita Kabambare na Kasongo kabla ya kufika Nyangwe, kwenye soko ambalo Livingstone alilikuta mwaka 1871, na ambalo tarehe 15 Julai mwaka huohuo liligeuka mahali pa mauaji. Mizigo iliyokwenda vichwani mwa watu leo inakwenda kwa baiskeli za kusukumwa, kwa pikipiki, kwa Land Cruiser na kwa malori. Mvua zikianza, tope ndilo linalopanga ratiba.

Ndiyo maana neno nguvu halikauki kwenye gereji za ukanda huu. Mwenye gari anataka nguvu, dereva anataka nguvu, na abiria aliyeshuka mara ya tatu kusukuma anaitaka kuliko wote. Panapotajwa nguvu hakosekani mtu aliyesikia kwamba kuna kichwa kingine cha silinda, chenye vali kubwa zaidi, ambacho kikifungwa juu ya injini ileile ya kiwandani, gari huwa kama limezaliwa upya.

Habari hiyo ni ya kweli. Ni ya kweli kwa injini fulani na kwa barabara fulani, na Afrika Mashariki iliushuhudia ukweli huo kwa macho yake miaka mingi, kila Pasaka, kwenye mashindano ya magari ya Safari, vumbi likitimka na watu wamejipanga kando ya njia. Basi kabla ya fundi wa Kasongo kufungua nati ya kwanza, inafaa kuangalia walichokipata waliotangulia, na walichokilipa.

Cortina ya Pasaka

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Waanzilishi walitaka magari ya dukani, yale ambayo mkulima au karani angeweza kuyanunua Jumatatu. Madaraja ya washindani yalipangwa kwa bei ya gari badala ya ukubwa wa injini. Uamuzi huo ulizaa jambo kubwa: kampuni iliyotaka kushinda ililazimika kuuza dukani gari lenye uwezo wa kushinda.

Mwaka 1964 Peter Hughes na Billy Young walishinda kwa Ford Cortina GT. Kwa mbali gari hilo lilifanana na Cortina yoyote. Injini yake ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 1,498, sawasawa na Cortina ya kawaida ya 1500: bloku ileile, pistoni za kipenyo kilekile, mwendo uleule wa kupanda na kushuka. Lakini Cortina ya kawaida ilitoa karibu nguvu za farasi 60, na GT ilitoa 78.

Nguvu 18 zimetoka wapi, ikiwa tumbo la injini halikuongezwa hata tone? Zilitoka juu ya bloku. GT ilipewa kabureta ya Weber yenye koo mbili, kamshafti iliyofungua vali kwa muda mrefu zaidi, mabomba ya moshi yaliyotenganishwa ili silinda zisibanane njiani, mgandamizo mkali zaidi, na vali za kutoa moshi zenye kipenyo kikubwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoongeza ukubwa wa injini. Vyote vilishughulikia pumzi yake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Watu wengi hufikiri injini ni chombo cha kula mafuta. Kwa kweli kula mafuta ni rahisi: ongeza tundu la kabureta, mafuta yatamiminika. Kazi ngumu ya injini ni kuvuta hewa. Gramu moja ya petroli inahitaji karibu gramu 15 za hewa ili iungue vizuri, na hewa hiyo yote hupita mlango mmoja mwembamba, ulio kwenye kichwa cha silinda.

Mlango unaofunguka kwa kufumba na kufumbua

Kichwa cha silinda ndicho kile ambacho mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam hukiita silinda hedi, na ambacho Kongo, ambako ufundi wa magari ulikuja na Kifaransa, kinaitwa culasse. Ni kifuniko kizito cha chuma au aluminiamu kinachokaa juu ya bloku. Ndani yake mna njia za hewa na za moshi, mna njia za maji ya kupoza, na mna vali, ambazo mafundi wa Kongo huziita soupape: vijiti vya chuma vyenye kichwa bapa mfano wa uyoga, vinavyofungua na kufunga milango ya silinda.

Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, pistoni hushuka kutoka juu hadi chini kwa sehemu 6 za elfu za sekunde. Katika muda huo vali ya kuingiza lazima ifunguke, hewa ianze kwenda, ijaze silinda, na mlango ufungwe. Hakuna pampu inayoisukuma hewa hiyo. Pistoni ikishuka huacha nafasi tupu, na uzito wa anga peke yake ndio unaoisukuma hewa iingie. Moshi haupati taabu hiyo. Wenyewe hutoka kwa kishindo kwa sababu umebanwa na una moto. Hii ndiyo sababu ukifungua injini nyingi za vali mbili kwa silinda utakuta vali ya kuingiza ni kubwa kuliko ya kutolea.

Sasa tuchukue kipimo. Vali ya milimita 38 ikibadilishwa kwa ya milimita 42, jicho linaona tofauti ya unene wa sarafu chache. Lakini eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo chake: mlango wa 42 ni mpana kuliko wa 38 kwa asilimia 22. Injini iliyokuwa ikihema juu juu kwenye mwendo mkali sasa inajaza kifua. Nguvu inayopatikana ni halali kabisa, na haitokani na ujanja wowote.

Mfano wa milimita hizo haukutungwa. Ni vipimo vya Datsun.

Vichwa vya familia moja

Kampuni ya Nissan, iliyouza magari kwa jina la Datsun, ilitengeneza kwa miaka mingi familia ya injini zenye herufi L. Kulikuwa na L16 ya silinda nne, iliyokaa kwenye Datsun 1600 SSS ambayo Edgar Herrmann alishinda nayo Safari ya 1970. Kulikuwa na L24 ya silinda sita kwenye Datsun 240Z, gari lililompa Herrmann ushindi wa pili mwaka 1971, na mwaka 1973 likampa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, ushindi wake wa kwanza kati ya mitano. Ushindi huo wa 1973 ulikuwa wa ajabu: Mehta na Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun, walimaliza wakiwa na alama sawa za adhabu, na Mehta akapewa kombe kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza.

Uzuri wa familia ya L, kwa fundi, ni kwamba vichwa vyake vya silinda vinaoana kwa kiasi kikubwa. Baadhi ya vichwa vya silinda nne vilitoka kiwandani na vali za kuingiza za milimita 38, vingine vilitoka na za 42. Kwenye silinda sita, 240Z ilikuwa na vali ya kuingiza ya 42 na ya kutolea ya 33. Ilipokuja 280Z, yenye injini ya lita 2.8, zilikuwa 44 na 35. Matundu ya bolti yalibaki mahali pake. Haikuchukua muda mafundi wakaanza kuvua kichwa cha 280Z na kukifunga juu ya bloku ya 240Z.

Na hapo ndipo wengi walipojifunza kwa gharama. Silinda ya L28 ina kipenyo cha milimita 86, ya L24 ni milimita 83. Vali ya milimita 44 iliyokuwa na nafasi ya kupumua ndani ya silinda pana, ikiingizwa kwenye silinda nyembamba hukaa karibu mno na ukuta. Kuna mambo mawili ya kuogopa. La kwanza ni kwamba ukingo wa vali unaweza kugonga ukingo wa silinda, kwa hiyo fundi makini hupima kwanza na kukata nafasi pale inapohitajika. La pili ni la siri zaidi: hata isipogonga, ukuta ulio karibu huziba upande mmoja wa vali, na hewa iliyotarajiwa kupita pande zote inapita upande mmoja tu. Mlango umepanuliwa, lakini kabati limesukumwa mbele yake.

Kuna tatizo la tatu linalosahauliwa sana. Kichwa cha injini kubwa kwa kawaida kina chumba kikubwa cha kuchomea. Kikiwekwa juu ya injini ndogo, mgandamizo unashuka, na sehemu ya nguvu iliyopatikana kwa vali inapotea hapo hapo. Wengine hukwangua uso wa kichwa ili kupunguza chumba, na kwenye injini zenye kamshafti juu, kama hizi za L, kukwangua kunasogeza kamshafti karibu na kranki na kuvuruga majira ya vali kufunguka. Kila hatua inaita nyingine.

Mhandisi ana kanuni moja nyepesi kuikumbuka: vali ikiinuliwa robo ya kipenyo chake, uwazi wa pembeni unakuwa sawa na uwazi wa mlango wenyewe. Vali ya 44 basi inataka kuinuliwa milimita 11. Kamshafti ya zamani iliyotengenezwa kwa vali ndogo huenda haifikishi hapo, na kuiinua zaidi kunadai springi ngumu zaidi, kwa sababu vali kubwa ni nzito na kwenye mwendo mkali hukawia kurudi kwenye kiti chake. Ikikawia, inakutana na pistoni inayopanda. Mafundi wa mashindano hubandika udongo laini juu ya pistoni, hufunga kichwa, huzungusha injini kwa mkono, kisha hufungua tena na kupima unene wa udongo uliobaki. Kazi hiyo inakula saa nyingi, na anayeiruka huisikia baadaye.

Vali nne badala ya mbili

Waliotaka pumzi zaidi hawakuishia kwenye ukubwa. Mwaka 1970 Ford ilianza kuuza Escort RS1600, ambayo injini yake ilijengwa juu ya msingi wa bloku ya familia ya Kent, jamaa wa injini ya Cortina, lakini ikavikwa kichwa kipya cha aluminiamu kilichobuniwa na Cosworth chenye vali 16: nne kwa kila silinda. Vali mbili ndogo za kuingiza zina eneo kubwa kuliko moja kubwa, kila moja ni nyepesi, na plagi inakaa katikati ambako moto unasambaa sawasawa. Mwaka 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm walishinda Safari kwa gari hilo, wakawa wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kuwashinda madereva wa Afrika Mashariki nyumbani kwao. Björn Waldegård alirudia mwaka 1977 kwa Escort RS1800.

Vichwa vya namna hiyo vikawa biashara, na kampuni kadhaa zilifunga vali 16 kwenye magari ya mashindano ambayo ndugu zao wa dukani walikuwa na 8. Kuanzia 1978 wasimamizi wa mashindano ya dunia walifunga mlango huo, na timu kama za Toyota na Opel zikalazimika kurudi kwenye vali 8. Opel ikajibu kwa kuunda na kuuza Ascona 400, iliyotoka kiwandani ikiwa na kichwa cha vali 16, na mwaka 1983 Ari Vatanen akashinda nayo Safari.

Ukisoma orodha hiyo peke yake unaweza kuamini kwamba Safari ilikuwa shindano la vichwa vya silinda. Orodha nyingine inasema vingine.

Saba waliofika

Mwaka 1963 magari 7 tu yalimaliza Safari. Mwaka 1968, tena 7 tu. Mara zote mbili washindi walikuwa walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari lilikuwa lilelile kwa aina: Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania alishinda mara mbili mfululizo, naye kwa Peugeot 404. Injini ya 404 ilikuwa na ujazo wa 1,618, kamshafti yake ilikaa chini ubavuni, ikisukuma vali kwa fimbo. Si kwamba ilipumua vibaya. Wahandisi wa Peugeot walikuwa wameipa vyumba vya kuchomea vyenye umbo la nusu tufe, ambamo vali za kuingiza na za kutolea hutazamana, kila moja ikiwa na nafasi ya kuwa pana bila kubanwa na ukuta. Lakini kilicholifanya 404 lifike ni kwamba injini ilivuta kuanzia chini, haikudai mizunguko mikali, na iliendelea kufanya hivyo ikiwa na matope hadi milangoni.

Kati ya ushindi huo wa Peugeot kuna hadithi nyingine inayopaswa kusomwa na kila fundi. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kericho, fundi kwa kazi yake, na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Ilikuwa imeshiriki Safari ya mwaka uliotangulia. Joginder alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Sifa yake kubwa miongoni mwa madereva ilikuwa kuliona gari kama linavyoonwa na mtu anayejua atalifungua mwenyewe likiharibika, na hiyo ni elimu ambayo haiuzwi ndani ya boksi la vipuri.

Safari iliyadai magari mambo mawili yanayopingana. Njia ilipita kwenye joto la pwani na kupanda hadi nyanda za juu za Kenya zinazopita mita 2,700, ambako hewa ni nyepesi na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Huko juu, kwenye barabara kavu na ndefu, kichwa chenye vali kubwa kilikuwa baraka. Halafu inakuja mvua ya Pasaka, udongo mweusi unageuka kuwa sabuni, na gari linatambaa. Hapo vali kubwa hazina la kusema.

Kwa nini? Kwa sababu hewa inayopita kwenye njia nyembamba huenda mbio, na inayopita kwenye njia pana huenda polepole. Kwenye mizunguko 1,500 au 2,000, injini yenye vali na njia ndogo bado inavuta hewa kwa kasi ya kutosha kubeba matone ya petroli na kuyachanganya vizuri. Ukipanua njia, kasi ya hewa inashuka. Matone yanadondoka na kulowesha kuta, mchanganyiko unafika silindani ukiwa na mabaka, na injini inatetemeka na kukohoa pale dereva anapohitaji ivute bila kusita. Nguvu haikupotea, imehamia juu, kwenye mizunguko 5,000 au 6,000, na dereva aliyenasa kwenye tope hana njia ya kuifuata huko.

Tope la Maniema

Turudi Nyangwe. Mji uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa nyepesi ya milimani si udhuru hapa. Na barabara yenyewe haimruhusu mtu kuifikisha injini kwenye mizunguko 5,000, isipokuwa anapozungusha magurudumu bure.

Gari linalofahamika zaidi kwenye njia mbaya za mashariki ya Kongo, kuanzia magari ya misheni hadi ya mashirika ya misaada, ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, na injini inayokutwa sana chini ya boneti yake ni dizeli iitwayo 1HZ. Ina silinda sita, ujazo wa 4,164, na vali 12 tu, mbili kwa silinda. Hutoa karibu nguvu za farasi 130, idadi ambayo gari dogo la kisasa la mjini linaipita. Lakini nguvu yake ya kuvuta hufikia kilele kwenye mizunguko 2,200 hivi. Katika mwendo huo pistoni ina zaidi ya mara mbili ya muda wa ile injini ya mizunguko 5,000: karibu sehemu 14 za elfu za sekunde kwa kila mshuko. Hewa inaingia kwa utulivu na silinda inajaa. Kumpanulia mlango mtu ambaye hana haraka hakumfanyi afike mapema.

Toyota yenyewe ilipotaka nguvu zaidi kutoka kwenye ujazo huohuo wa 4,164, ilitengeneza 1HD-FT: vali 24, tabo, na karibu nguvu za farasi 170. Kuna wanaoota kuchukua kichwa cha 24 na kukifunga juu ya 1HZ. Haiwezekani kwa kubadili kichwa pekee. 1HZ huchoma dizeli ndani ya vyumba vidogo vya awali vilivyomo kwenye kichwa. 1HD-FT hunyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni zenye bakuli maalumu. Pistoni, nozeli na pampu ni vya ukoo tofauti. Atakayefika mwisho wa kazi hiyo atakuwa amenunua injini nyingine kwa vipande, kwa bei ya juu kuliko injini nzima.

Kwenye pikipiki swali linarudi kwa sura ndogo. Honda iliileta CG125 mwaka 1976 ikilenga nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo na kukosa huduma. Ikaipa kamshafti ya chini na fimbo za kusukuma vali badala ya mnyororo wa juu, kwa makusudi, ili idumu. Viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi, na pikipiki nyingi zinazobeba watu na mizigo kati ya vijiji leo ni wajukuu wake. Kuna seti za kuipandisha kutoka kipenyo cha milimita 56.5 hadi 62, yaani kutoka ujazo wa 125 hadi 150 hivi, na vichwa vyenye vali kubwa kidogo vya kuandamana nazo. Hapa hesabu si mbaya, maana silinda nayo imekua. Bado joto linaongezeka, na injini hiyo inapozwa kwa upepo tu. Pikipiki inayotambaa na mapipa ya mawese juu ya kilima haina upepo wa kutosha.

Halafu kuna suala la petroli. Kijijini inauzwa kwenye chupa na madumu na wauzaji wa kando ya njia, wale ambao Wakongo huwaita kadafi, na si kila chupa ina petroli tupu. Ikichanganywa na mafuta ya taa, uwezo wake wa kuvumilia mgandamizo unashuka. Injini iliyofungwa kichwa cha mashindano, chumba kimekwanguliwa na mgandamizo umepandishwa, itaanza kugonga ndani kwa sauti ya misumari kwenye debe. Kugonga huko hutoboa pistoni. Injini ya kiwandani, yenye mgandamizo wa wastani, inanusurika na chupa hiyohiyo.

Nguvu iliyolala ndani

Hoja hizi zote zisieleweke kwamba fundi wa Nyangwe au Kasongo hana la kufanya juu ya kichwa cha silinda. Ana kazi kubwa, na mara nyingi nguvu anayoitafuta mwenye gari imelala palepale, ndani ya vali zake za zamani.

Injini iliyofanya kazi miaka kumi kwenye vumbi haina tena nguvu iliyoondoka nayo kiwandani. Chujio la hewa limejaa vumbi jekundu la kiangazi, na injini inavuta pumzi kama mtu aliyefunikwa blanketi. Viti vya vali vimekuwa na mashimo madogo, kwa hiyo sehemu ya mgandamizo inavuja kila pistoni ipandapo. Miongozo ya vali imelika, vali zinacheza, na oili inashuka kuungua pamoja na mafuta. Nafasi ya vali haijapimwa tangu gari lilipotoka mikononi mwa mwenyewe wa kwanza. Vali ya kutoa moshi isiyofunga kabisa haipati pa kupumzikia, haipozi, na mwisho huungua ukingo. Kwenye 1HZ kuna jambo la kutilia mkazo: ikichemka, kichwa hupata nyufa, na aliyeifungia tabo bila kutazama joto hukaribisha nyufa hizo mapema zaidi. Na mkanda wake wa kamshafti una kilomita zake. Ukikatika, vali hugonga pistoni, na hapo habari ya ukubwa wa vali haina maana tena.

Kazi ya kurudisha pumzi hiyo haihitaji vipuri kutoka mbali. Chujio linasafishwa au kubadilishwa. Kichwa kinafunguliwa kikiwa baridi, bolti zikilegezwa kwa zamu kutoka nje kuja ndani ili kisipinde. Masizi yanakwanguliwa. Kila vali inapakwa dawa ya kusagia, inawekwa kwenye kiti chake na kusagwa kwa mkono, mzunguko nusu kulia, mzunguko nusu kushoto, inainuliwa, inageuzwa, inasagwa tena, mpaka uonekane mkanda wa kijivu usiokatika ukizunguka vali yote. Uso wa kichwa unapimwa kwa rula iliyonyooka. Gasketi inakuwa mpya, kamwe si ya kurudia. Bolti zinakazwa kwa hatua, kuanzia katikati, kwa kipimo.

Kazi ya kutia viti vipya vya vali kubwa ni nyingine kabisa. Inataka mashine ya kukereza iliyo sahihi kwa sehemu za mia za milimita. Kichwa cha aluminiamu hupashwa moto na pete ya kiti hupozwa sana kabla ya kuingizwa, ili vikirudi kwenye joto la kawaida vishikane. Pete iliyoingizwa kwa nyundo itadondoka siku moja, na itadondokea juu ya pistoni. Penye mashine hiyo na mtu anayeijua, penye lami na mtu anayetaka mwendo mkali, kichwa cha vali kubwa kinafaa kila faranga iliyolipwa. Kati ya Kabambare na Lualaba, fedha hiyo ina kazi nyingine za kufanya: radieta, nozeli, mpira wa klachi, matairi yenye meno.

Kabla ya kurudisha kichwa juu ya bloku, fundi mzoefu hufanya jaribio moja lisilogharimu kitu. Hukilaza kichwa ubavu, vali zikiwa zimefungwa na springi zake, kisha humimina mafuta ya taa kidogo kwenye kila njia ya hewa na ya moshi. Anafuta chumba cha kuchomea kwa kitambaa kikavu, anavuta kiti, anasubiri. Vali ya tatu ikianza kulowa ukingoni, inatolewa na kusagwa upya, hata kama jua linakaribia kuzama na mwenye gari ameshauliza mara mbili.